Gitaa la Nyuzi Tano

Dada yangu mdogo alinipigia simu Jumatatu mchana nikiwa nimelala chali chini ya sofa. Sikuwa napumzika. Kazi yangu ni kutengeneza viti hapa Gatongora, Ruiru, na fundi wa viti hushinda chini ya vitu ambavyo wengine hukalia. Nilikuwa na misumari mitatu mdomoni, kwa hivyo aliponiuliza kama namsikia nilimjibu kwa pua.

"Mkubwa, tema hizo misumari kwanza," akasema. "Hii nataka uisikie vizuri."

Nikaitema. Yeye ndiye mtu pekee anayeniita Mkubwa, na mtu asidhani ni heshima. Wazazi wetu walipofariki, mama kwanza na baba mwaka uliofuata, mimi nilikuwa kidato cha pili, ndugu yangu anayenifuata alikuwa darasa la sita, na huyu dada alikuwa na miaka minne. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutuona akauliza, "Mkubwa hapa ni nani?" Dada akaninyooshea kidole, na tangu siku hiyo akaamini hilo ndilo jina langu. Niliacha shule kwa muda, hadi mambo yatulie. Muda huo bado haujaisha. Nimefika umri wa kuvaa miwani na sijasikia mtu akiniita nirudi darasani.

Alichotaka kuniambia ni hiki. Anafundisha muziki katika shule moja ya kibinafsi kule Ngoingwa, Thika, na walikuwa wamemwajiri kwa muhula mmoja wa majaribio. Mwalimu mkuu, mama asiyezungusha maneno, alimwambia wazi: Ijumaa ya mwisho wa muhula wazazi watakuja, darasa lake litapiga muziki, kisha yeye ataamua. Akiridhika, dada atapewa mkataba. Asiporidhika, vipindi vya muziki vitageuzwa kuwa vya kompyuta na mwalimu wa muziki atatafuta pengine. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, na mwalimu mwenzake aliyeahidi kumpigia gitaa la nyuma alikuwa amepata kazi Nakuru, ameshaondoka.

"Mimi nitapiga solo," akasema. "Nataka mtu wa kushikilia nyuma. Ni mikao miwili ya vidole tu, huku na huku, dakika sita."

"Kanisani kwenu si kuna vijana wa gitaa?"

"Wako. Lakini hao wanaongezanga vitu. Nataka mtu haongezangi kitu."

Nilimshukuru kwa kunisifu. Ilinichukua hadi Alhamisi ya wiki iliyofuata kuyageuza yale maneno na kuona upande wake wa chini, ingawa upande wa chini wa vitu ndio kazi yangu.

Ni kweli kwamba siongezi kitu, na sababu ni kwamba gitaa langu lenyewe limepunguka. Baba alilinunua kutoka kwa kanisa lililokuwa likibadilisha vyombo. Ni gitaa kavu, lisilotumia umeme, na siku alipolileta nyumbani kile chuma cha kukazia uzi wa sita, ule mnene wenye sauti nzito, kilikuwa tayari kimevunjika. Baba alisema atakitengeneza. Baada yake nikasema mimi nitakitengeneza. Lakini nyumba yenye watoto wawili wa shule ina mengi ya kutengenezwa kabla ya gitaa, nami nikazoea nyuzi tano. Kisha, kama watu wengi waliokosa kitu kwa muda mrefu, nikaanza kujivunia kukikosa. Niliwaambia wadogo zangu kwamba uzi wa sita ni wa watu wanaopenda kelele. Ndugu yangu aliwahi kuuliza mbona basi magitaa yote huwekwa nyuzi sita, nikamwambia ni kama shati linavyoshonewa kifungo cha akiba kwa ndani.

Juu ya hilo, mwaka wangu wa pili kazini kisu cha kukatia sponji kiliteleza kikanikata kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilipona lakini hakikunjiki. Wenzake wakibonyeza nyuzi, chenyewe husimama kando kama msimamizi wa mjengo.

Gitaa nililijifunza kutoka kwa kaseti moja. Baba aliipata kwa mfanyakazi mwenzake kiwandani, na karatasi yake yenye majina ilikuwa imebanduka. Ndani yake kulikuwa na gitaa la umeme lililolia kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, ngoma za mikono zikikimbizana chini yake, mtu akiimba kwa lugha tusiyoijua, na katikati ya hayo yote kitu kinachokwaruza: kwaaa-kwa-kwa, kwaaa-kwa-kwa.

Hicho cha kukwaruza nilikitambua mara moja. Tuliishi Makongeni, Thika, katika ploti ya vyumba kumi na viwili, na mlango wa pili alikaa mzee Mmaragoli, Mluhya aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Jumapili baada ya chakula alitoa kigoda nje, akachukua chupa ya soda, zile za zamani zenye mistari ya kuzunguka, akaikwaruza kwa msumari huku akiimba nyimbo za kwao. Kule Magharibi mwa nchi, alisema, mpiga gitaa hawezi kuitwa kwenye sherehe bila mtu wa chupa. Yeye gitaa hakuwa nalo. Alikuwa mtu wa chupa, na alikuwa na maringo yote ya mtu wa chupa.

Mtoto aliyeacha shule kidato cha pili ana hatari moja: bado anakumbuka jinsi ya kujenga hoja, lakini hana tena mwalimu wa kuitia alama ya kosa. Nilijenga hoja yangu. Chupa ni ya Waluhya. Ndani ya kaseti kuna chupa. Kwa hivyo huyu mpiga gitaa ni Mluhya. Ilibaki shida ya lugha tu, nikampelekea mzee redio na kaseti. Akasikiliza upande mzima wa kwanza, amefumba macho.

"Hii si Kimaragoli," akasema.

"Ni nini basi?"

Akafikiri sana. "Hawa labda ni Waluhya wengine, Wabukusu. Wabukusu wanaongeanga mbio."

Kwa ushahidi huo nikafunga kesi. Mpiga gitaa wetu alikuwa Mbukusu wa Bungoma aliyekwenda ng'ambo, akapewa gitaa la umeme, akaendelea kuimba kwa lugha ya mama ili asisahau kwao. Sikuishia hapo. Wadogo zangu waliuliza maswali, na Mkubwa hakosi jibu. Nikampa mama anayemngoja Bungoma. Nikampa shamba la miwa. Kwa miaka mingi, kila kaseti ilipolia, tulimwonea huruma kwa baridi ya huko alikokwenda.

Basi Jumamosi nikabeba gitaa hadi Ngoingwa. Mfuko wake niliushona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha sofa ya maharusi, cha maua ya dhahabu, na chini nikauwekea shada za nyuzi kwa sababu zilibaki. Nilipoingia darasani wanafunzi waliutazama mfuko kwanza, kisha mimi, kisha mfuko tena.

"Huyu ni kaka yangu," dada akawaambia. "Yeye ndiye alinifundisha gitaa."

Nikasimama wima kidogo.

Alikuwa na wanafunzi kumi hivi: wa ngoma, wa kinanda, na msichana wa kidato cha tatu aliyelishika gitaa la besi kwa uangalifu kama amekabidhiwa mtoto wa jirani. Somo lao muhula ule lilikuwa ni jinsi gitaa la roki lilivyokopa kwa watu wa jazi na kwa watu wa Amerika ya Kilatini, na wimbo waliouchagua ulikuwa wa aina ile ile ya kaseti ya baba: ngoma za mikono chini, gitaa la umeme juu. Tukaanza. Mikao miwili, huku na huku. Sikuongeza kitu. Baada ya dakika mbili dada akainua mkono.

"Ngojeni. Mkubwa, rudia ule wa kwanza."

Nikarudia.

"Sikilizeni nyinyi," akawaambia. "Hii ndiyo nimekuwa nikiwaambia mwezi mzima. Mnasikia sauti ya chini haipo? Ameiacha besi iipige. Na hapa, hiki kidole kidogo hakijabonyeza, kwa hivyo imeingia ile noti ya saba, inayofanya isikike kama mtu anayetaka kusema kitu halafu ananyamaza. Watu wa jazi ndivyo wanafanya. Wa roki wakachukua kwao." Akanigeukia na uso ambao sijauona tangu nimnunulie baiskeli. "Miaka hii yote umekuwa ukipiga jazi?"

Mtu mkweli angesema kwamba chuma kilivunjika na kidole kilikatwa. Mimi nikasema, "Hivyo ndivyo ninavyopendelea."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu ambaye hajawahi kuitwa mfano darasani akiitwa mara moja tu, hujitafutia kiti. Nilikaa juu ya meza. Mwanafunzi mmoja akamuuliza dada, "Mwalimu, na kile cha kukwaruza, tutatumia nini?" Kabla hajafungua kinywa, nikamjibu mimi. Nikawaeleza kuhusu chupa ya soda. Kutoka kwenye chupa nikahamia Bungoma. Nilikuwa nimefika kwenye shamba la miwa nilipoona wengine wameinamisha vichwa na mabega yao yanatikisika.

Msichana wa besi hakucheka. Aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo ni ukweli?"

"Tuendelee na wimbo," dada akasema. Hakunitazama tena hadi mwisho.

Wanafunzi walipotoka alinipeleka nje, karibu na bomba la maji, akafungua maji ananawa mikono isiyo na uchafu.

"Umewaambia ile stori," akasema.

"Nimewapa historia kidogo."

"Mkubwa. Mwaka wa kwanza, chuoni, mhadhiri aliuliza kama kuna mtu anajua roki ilitoa wapi zile ngoma na ile kukwaruza. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi nikainua mkono. Nikajua, hii naijua, hii tumelelewa nayo." Akafunga bomba. "Nikasema Bungoma."

Nilikaza mkanda wa mfuko wa gitaa.

"Nilisema hadi shamba la miwa. Mhadhiri alitoka nje kucheka. Mpaka nimalize chuo waliniita Bungoma. Ni Kuba, Mkubwa. Ni Wakuba na majirani zao, muziki wao ukafika Amerika, vijana wa roki wa huko wakauchukua. Wanaimba Kihispania. Na wanachokwaruza ni kibuyu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa ni wewe ungesema? Ulikuwa unanisomesha na hizo mikono. Nikuambie nini, ati kaseti imetudanganya?" Akajipangusa kwa sketi. "Hii kazi naihitaji. Mwalimu mkuu akisikia hiyo stori atauliza mimi hufundisha nini. Ijumaa, tafadhali, piga tu."

Mtu mwingine angetoka hapo amejifunza kunyamaza. Mimi nilitoka nimejifunza kwamba gitaa langu lina kasoro. Sijui nilifikaje huko. Nadhani ni kwa sababu uongo hauna pa kukazwa, lakini gitaa linapo. Jumapili baada ya kanisa nikanunua uzi wa sita mjini Thika, nikachonga chuma kipya kutoka kwenye bawaba ya kiti cha kukunja, na kufikia jioni gitaa la baba lilikuwa na nyuzi sita kwa mara ya kwanza tangu liingie ukoo wetu. Nikafanya mazoezi Jumatatu na Jumanne. Niliupiga uzi ule mnene kwa nguvu zote, kama mtu anayelipia ibada alizokosa.

Jumatano tukakutana tena shuleni. Tulipoanza tu, msichana wa besi akaacha kupiga.

"Mwalimu, sijisikii," akasema.

"Unaumwa?"

"Hapana. Sisikii besi yangu. Kuna kitu kimekaa juu yake."

Dada akasogea, akanitazama mkono, akahesabu nyuzi kwa macho. "Mkubwa, umefanya nini?"

"Nimelitengeneza."

"Toa huo uzi."

"Gitaa ni nyuzi sita," nikasema.

"Miaka ishirini umetuambia ni tano. Kulikuwa hata na mambo ya kifungo cha shati."

"Nilikosea. Nimerekebisha."

"Umerekebisha kitu hakikuwa kimeharibika, ukaacha kile kiliharibika." Akaongea polepole, kama anavyoongea na wanafunzi wa kidato cha kwanza. "Siku mbili zimebaki. Ulipokuja Jumamosi darasa langu lilisikika kama bendi. Leo tunasikika kama watu wanahamisha kabati. Nikikosa hii kazi nitarudi kukaa kwako, na utalala kwa hizo sofa zako."

Nilikataa. Sijivunii kuandika hivyo, lakini mtu aliyelea watoto bila kubadilisha msimamo hata siku moja hudhani kwamba msimamo ndio uliowalea. Tukapiga hivyo hivyo, tukihamisha kabati, hadi saa za kwenda nyumbani zikafika.

Alhamisi nikaenda kumtafuta mshtakiwa wa pili. Yule mzee wa Makongeni alishastaafu, siku hizi anakaa na binti yake karibu na Kamakis, kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya wachoma nyama. Nilimkuta amekaa nje anaota jua, moshi wa nyama ya watu wengine ukimpita puani. Nikamweleza yote: chuo, Kuba, kibuyu, kile Kihispania.

"Mimi nilisema labda," akajibu.

"Ulisema Wabukusu."

"Labda Wabukusu. Wewe ndiye ulitoa labda." Akanitazama na jicho moja. "Na huyo msichana, bado anapiga?"

Nikamweleza habari za Ijumaa na kazi iliyokuwa hatarini, na kwamba darasa halina cha kukwaruza. Akamwita binti yake atoe ile chupa. Bado alikuwa nayo, ya mistari, imechakaa hadi imekuwa nyeupe. Binti, kwa ukarimu, alikuwa ameijaza maji ya kunywa ya mzee. Alipotaka kuyamwaga mzee akamzuia.

"Ngoja aone," akasema, akachukua msumari akaikwaruza ikiwa imejaa. Ilitoa sauti ya kijiko ndani ya sufuria ya ugali. Akanipa. "Kunywa."

"Mzee, sina kiu."

"Kijana, kunywa."

Nikanywa yote. Akaikwaruza tena, na ploti yetu ya Makongeni ikarudi yote, pamoja na kamba za nguo. Mzee hakusema neno lolote la kunifundisha. Alikuwa ananionyesha chupa yake tu, kwa maringo, na kuuliza kama gari la kesho litamfikia hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyebaki na maji tumboni nikifikiria uzi wa sita.

Ijumaa, nyuma ya darasa la kinanda, nilitoa koleo mfukoni nikaukata. Uliruka ukanichapa kidevuni. Nikaona ni haki yake.

Wazazi walijaa ukumbini, wengine na babu na nyanya za wanafunzi, wakipepea programu. Mwalimu mkuu alikaa mstari wa mbele na kalamu. Mzee wangu nilimkalisha kwenye ngazi ya jukwaa na chupa yake. Dada aliponiona nikipanda aliangalia gitaa kabla ya kuniangalia mimi. Akahesabu tena. Tano. Akapumua.

Kama ningeketi nikapiga, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini maikrofoni ya gitaa kavu huwekwa mbele ya gitaa, na gitaa huwa karibu na mdomo. Dada alipoinama kuchomeka waya wake, ukumbi ulinyamaza, nami nikaona ni mimi ninayengojwa.

"Wazazi," nikasema. "Kabla hatujaanza. Huyu mwalimu aliwahi kukosea chuoni, akasema muziki huu umetoka Bungoma. Kosa si lake. Ni langu. Nataka asamehewe."

Nilimwombea msamaha mbele ya watu mia mbili ambao hawakujua kuna kosa. Kalamu ya mwalimu mkuu ilishuka ikaandika kitu, na ikaendelea kuandika. Dada alibaki ameinama juu ya waya kwa muda ambao waya hauhitaji. Nilisikia msichana wa besi akisema chinichini, "Haiya."

Katika mistari ya nyuma baba mmoja akasimama, mnene, amevaa tai. "Samahani," akasema. "Mimi nimetoka Bungoma. Kwani tumefanya nini?"

Watu wakacheka. Dada akainuka. Nilijiandaa kwa lolote, hata kwa ile sauti yake ya pale bombani. Akanipokonya maikrofoni taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

"Hamjafanya makosa, mzazi," akasema. "Kaeni niwaeleze, maana hilo ndilo somo letu la leo. Kaka yangu alisikia kitu kikikwaruza kwenye kaseti akafikiri ni hiki." Akainyooshea mkono chupa ya mzee. "Mzee, tusaidie."

Mzee hakuhitaji kuombwa mara mbili. Kwaaa-kwa-kwa, kwaaa-kwa-kwa. Yule baba wa Bungoma, ambaye hakuwa ameketi bado, akaanza kutikisa bega moja.

"Kule Kuba wanakwaruza kibuyu," dada akaendelea, sauti yake sasa ikiwa ni ya darasani kabisa. "Mababu wa wengi wa waliokipiga walichukuliwa kutoka Afrika. Muziki huo ulifika Amerika, vijana wa gitaa la roki wakauweka chini ya magitaa yao. Wakachukua pia kwa watu wa jazi hii mikao isiyo na sauti ya chini. Kaka, waonyeshe."

Nikaonyesha. Nyuzi tano na kidole kimesimama kando.

"Sasa besi."

Msichana akaingia, na sauti yake ya chini ikakaa mahali ilipoachiwa nafasi, ikasikika kama mlango uliofungwa vizuri. Kisha ngoma. Kisha kinanda. Aliwaingiza mmoja mmoja, akiwaeleza wazazi kila kinachoingia na kilikotoka, na mzee akishikilia chupa katikati yao. Haikuwa hivyo tulivyofanya mazoezi. Alikuwa anatunga somo palepale, kutoka kwenye shimo nililomchimbia. Mwisho akachukua gitaa la umeme, akapiga solo, na nikatambua mahali fulani katikati ile sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, noti kwa noti, kama ilivyokuwa kwenye kaseti ya baba, hata pale ambapo kanda ilikuwa imekunjika na sauti ikayumba. Aliiyumbisha. Alikuwa ameijifunza na kosa lake.

Mimi nilishikilia. Mikao miwili, huku na huku. Dakika sita zilifika kumi na moja kwa sababu yule baba wa Bungoma alikuwa ameshafika mbele anacheza na mama mmoja wa Kiambu na hakuna aliyetaka kuwakatiza. Mkono uliniuma hadi begani. Sikuongeza kitu.

Baadaye, wageni wakinywa chai, mwalimu mkuu alitujia na karatasi yake. Dada akajipangusa mikono kwenye sketi tena.

"Nimefundisha miaka mingi," mama yule akasema. "Mwalimu mwenye somo zuri namjua. Leo nimeona mwalimu ambaye somo limemwangukia kichwani akalisimamisha. Jumatatu pita ofisini utie sahihi." Akanigeukia. "Na kaka yako akaribishwe muhula ujao."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Kupiga," akasema. "Maikrofoni asipewe."

Tulimrudisha mzee Kamakis na teksi ya mzazi wa Bungoma, aliyekataa kutuacha tuite nyingine. Njiani dada alilala na kichwa chake begani kwangu, lile lile lililokuwa linauma, na sikulisogeza. Karibu na Ruiru akafungua jicho.

"Bungoma," akasema. "Mbele ya mwalimu mkuu."

"Nilikuwa nasafisha jina lako."

"Lilikuwa safi, Mkubwa. Hakuna mtu alikuwa analijua." Akafumba jicho. "Muhula ujao tunafanya rumba. Usisome chochote."

Ule uzi wa sita sikuutupa. Wiki iliyofuata nilipungukiwa na kamba nikaufungia springi ya sofa ya mama mmoja wa hapa Gatongora. Amerudi mara mbili kulalamika kwamba mtu akikaa upande wa kushoto kiti kinatoa sauti nzito. Nimemwambia viti vizuri vyote hufanya hivyo.